Sinema ya Vugiri: Filamu 35 za Korogwe na Watu Waliomo Ndani Yake

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika redioni mwaka 1951. Miaka kumi na sita kabla ya hapo, huko Vugiri, milimani juu ya mji wa Korogwe, tayari kulikuwa na watu wanaorekodi maelezo ya Kiswahili kwenye sahani za santuri, wanaosafisha filamu katika chumba cha giza, na wanaoigiza mbele ya kamera kisa cha kibarua aliyepokea mshahara wake. Kuanzia katikati ya mwaka 1935 hadi 1937 zilitoka hapo filamu 35. Huo ndio mradi mkubwa wa kwanza wa kutengeneza filamu Afrika Mashariki kwa ajili ya watazamaji Waafrika, na kituo chake hakikuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Kilikuwa Usambara.

Mradi wenyewe uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, maana yake jaribio la sinema ya elimu kwa Wabantu. Aliyesimamia kazi ya upigaji picha alikuwa Mwingereza, Meja L. A. Notcutt. Wanaomjadili zaidi leo ni wasomi wa Uingereza na Marekani, kwa Kiingereza, na hukumu zao zinapishana. Wapo wanaomwona mwanzilishi wa sinema ya vijijini. Wapo wanaomwona mtumishi wa mashamba ya walowezi aliyeshika kamera badala ya kiboko. Nimesoma hoja za pande zote mbili, na naona zote zinamtazama mno Notcutt na kuwasahau watu wa Korogwe waliosimama mbele ya kamera yake. Ukiwatazama wao, swali linabadilika: filamu inayomhusu mkulima, kwa lugha yake, katika kijiji chake, ni ya nani ikiwa yeye hakuulizwa inapasa kusema nini?

Asili ya jambo hili ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai pwani ya Tanga ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyojaza bonde lote la Pangani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na tangu hapo mji ukawa kituo cha watu wanaoshuka na kupanda kwenda mashambani: Ngombezi, Magunga, Mazinde, Mnyuzi, Hale. Wenyeji wa Usambara na Uzigua hawakupenda kazi ya kukata katani, kwa kuwa walikuwa na mashamba yao. Kwa hiyo wenye mashamba waliwatafuta manamba kutoka mbali, Unyamwezi, Uha, Ubena na hata ng'ambo ya Ruvuma, wakawaweka kambini na kuwalipa kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye siku 30 za kazi. Siku hizo zisipotimia, hakuna mshahara.

Kumweka kibarua wa namna hiyo asitoroke ilikuwa shida kubwa ya kila meneja. Notcutt aliifahamu shida hiyo, kwani mwaka 1926 alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na hapo ndipo alipopata wazo la kuonyesha sinema kambini ili vibarua waridhike wakae. Naomba msomaji aishike tarehe hiyo. Kabla ya neno elimu kuingia katika hadithi hii, neno lililokuwapo ni utulivu wa kambi.

Elimu ililetwa na wamisionari. Mwaka 1933 Mmarekani J. Merle Davis, wa Baraza la Kimataifa la Kimisionari, alichapisha uchunguzi wake kuhusu athari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, katika maisha ya Waafrika. Aliona vijana wanahama vijiji, wazee wanapoteza mamlaka, na watu wazima wasiojua kusoma wanaachwa peke yao kuielewa dunia mpya ya fedha, kodi na hospitali. Davis aliamini kuwa sinema inaweza kuwafikia. Shirika la Carnegie la New York likatoa dola 55,000, makampuni ya migodi ya shaba nayo yakachangia, na Wizara ya Makoloni ya Uingereza ikatoa baraka. Davis akawa mkuu wa mradi, Notcutt akashika utengenezaji, na G. C. Latham, aliyekuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, akashika upande wa mafunzo. Hivyo wenye migodi, wenye mashamba, wamisionari na serikali walikaa meza moja. Malengo waliyoyaandika yalisikika vizuri: kumsaidia Mwafrika mtu mzima aelewe mabadiliko, kusaidia shule, kuhifadhi mila zake, kumpa burudani. Mezani pale hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mwenye kura.

Hata hivyo, mtu akitazama jinsi kazi ilivyofanyika, atakuta akili nyingi. Filamu za biashara za wakati ule zilikuwa za milimita 35, nzito na za gharama kubwa. Notcutt alichagua milimita 16, ambazo Kodak walizianzisha mwaka 1923 kwa matumizi ya watu wa kawaida. Kamera yake ilibebeka, na filamu yake haikuwaka moto ovyo kama ile ya zamani. Sauti haikuchapwa kwenye filamu. Ilirekodiwa kwenye santuri, na santuri ikapigwa sambamba na picha. Faida ya mpango huo ni kubwa kuliko inavyoonekana: picha moja iliweza kutembea na santuri kadhaa, moja ya Kiswahili, nyingine ya Kisukuma, ya Kiganda, ya Kinyanja au ya Kibemba. Miaka ile hata Ulaya sinema ya sauti ilikuwa ingali changa. Kuwa na filamu ya kijijini inayozungumza Kiswahili na Kibemba mwaka 1935 ni jambo la kuheshimiwa, hata kama ubunifu huo ulitokana na uchache wa fedha.

Notcutt pia alishikilia jambo ambalo wakubwa wengi wa Wizara ya Makoloni hawakulikubali kwa urahisi, kwamba kazi nyingi za chumba cha giza na chumba cha sauti vijana Waafrika wanaweza kufundishwa na kuzifanya. Waigizaji walitoka miongoni mwa wenyeji na wafanyakazi. Wafasiri walikuwa wenyeji. Mtu aliyejua kwamba mwanamke wa Usambara hawezi kumsalimu mkwewe kwa namna fulani, au kwamba kibarua hazungumzi hivyo na nyapara, hakuwa Notcutt. Alikuwa mtu wa Korogwe. Ujuzi huo umo ndani ya filamu zile, lakini sifa yake ilikwenda kwa Meja.

Na zilisema nini? Nyingi zilikuwa za kilimo na afya: chai, kahawa chini ya kivuli cha migomba, mbegu bora, malaria ya watoto, safura. Nyingine zilikuwa visa. Moja ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Vibarua wawili wanapokea mshahara shambani. Mmoja anafukia fedha zake ndani ya kibanda na mwizi anazichukua, mwenzake anapeleka zake posta na zinabaki salama. Nyingine, iliyoitwa Gumu, ilimfuata kijana wa kijijini aliyeingia mjini na kupotea. Ilikuwapo pia hadithi ya sungura na chui, kwa ajili ya burudani na ya ile ahadi ya kuhifadhi mila.

Filamu ya akiba inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa imebeba mradi wote. Shauri lake si baya. Fedha iliyofukiwa chini ya kitanda huibwa kweli. Lakini kamera inaanza pale mshahara unapotolewa. Haiulizi kwa nini mshahara ni mdogo hivyo, kwa nini siku 30 za kipande zinachukua zaidi ya mwezi kutimia, kwa nini aliyeugua anarudi nyuma kuhesabu. Umaskini wa kibarua unaelezwa kuwa kosa lake la kutunza. Nimegundua kwamba filamu nyingi za mafunzo za mradi huu ambazo muhtasari wake ninaufahamu zina umbo hilihili: wapo wawili, mjinga na mwerevu, na tofauti yao ni kwamba mmoja amemsikiliza bwana shamba, daktari au karani. Katika filamu ya malaria mzazi anachagua kati ya mganga na hospitali. Umbali wa hospitali hauna nafasi katika kisa.

Huko Ulaya, wakati uleule, filamu za hali halisi zilikuwa zikifikia utu uzima wake. Robert Flaherty alikuwa amemaliza Nanook mwaka 1922. John Grierson alitoa Drifters mwaka 1929, kisha akakusanya vijana London na kuwapa kamera wapige picha za wavuvi, wachimba makaa na makarani wa posta. Mwaka 1936 kitengo cha filamu cha posta ya Uingereza kilitoa Night Mail, kuhusu treni inayopeleka barua Scotland usiku. Filamu hiyo nayo ni tangazo la posta, imelipiwa na posta. Lakini ndani yake mfanyakazi wa treni ni fundi. Ni yeye anayejua, na mtazamaji ndiye anayejifunza kutoka kwake. Filamu ya posta ya Vugiri ilikwenda kinyume: posta ilijua, mfanyakazi akajifunza. Tofauti hii haikutokana na fedha wala vifaa. Ilitokana na jinsi walivyomfikiria mtu aliye mbele ya kamera.

Lori la mradi liliondoka kwa ziara ya kwanza Septemba 1935, likiwa na projekta, jenereta na pazia. Lilirudi Februari 1936. Lilikuwa limekwenda maili 9,000 kupitia Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda, likaonyesha sinema mara 95 mbele ya watu wanaokadiriwa kufika 80,000. Barabara za masika miaka ile tunazijua kwa simulizi za babu zetu, kwa hiyo hesabu hiyo peke yake ni ushujaa wa madereva na mafundi wake. Watu walijaa viwanjani. Walicheka, wakazomea, wakataka kurudishiwa vipande. Latham aliandika taarifa za namna walivyopokea kila filamu, na taarifa hizo ni miongoni mwa za kwanza kabisa kuhusu watazamaji wa vijijini katika bara hili.

Taarifa hizo zilipaswa kuvunja imani moja iliyokuwa ikikua maofisini, kwamba Mwafrika hana jicho la sinema. Mwaka 1929 mwanasayansi Julian Huxley alizunguka Afrika Mashariki na filamu chache na kuona kuwa watu wanazielewa. Vugiri ikathibitisha kwa upana zaidi. Lakini William Sellers, aliyeanza kuonyesha filamu za afya Nigeria katika miaka hiyohiyo, alishikilia kuwa picha za Waafrika lazima ziende polepole mno, zisikatwe haraka, zisichanganye mambo. Alipopewa mwaka 1939 kuongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni, nadharia yake ikawa sheria kwa miaka mingi. Notcutt na Latham wenyewe hawakuwa safi katika jambo hili. Katika kitabu chao cha mwaka 1937, The African and the Cinema, waliona ni wajibu wa mzungu kuzuia filamu za Marekani zisimfikie mtu ambaye, kwa maoni yao, hawezi kupambanua kweli na uongo. Na watu haohao walikuwa wamekusanya ushahidi wa watazamaji 80,000 waliocheka mahali pa kucheka.

Mwaka 1937 fedha za Carnegie ziliisha. Serikali za Tanganyika, Kenya na Uganda zikaombwa kuuchukua mradi, zikakataa. Sababu iliyotajwa ni ubora: picha hafifu, santuri isiyokwenda sawa na midomo. Ni kweli filamu zilikuwa na kasoro hizo. Lakini serikali ambazo zilikuwa zikibana matumizi tangu mdororo wa uchumi wa 1929 hazikuwa na nia ya kulipia burudani ya wakulima, na kasoro za picha ziliwapa njia nyepesi ya kusema hapana. Vugiri ikafungwa.

Sasa tuvuke mto Pangani tuende Handeni, kwa kuwa huko ndiko kinakoonekana wazi kile ambacho kamera ilikiacha. Kati ya 1932 na 1935, miaka ya mwanzo kabisa ya mradi na ile iliyoutangulia, Uzigua ilikuwa katika njaa. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu mazingira na siasa za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ameonyesha kuwa njaa hiyo haikuletwa na mvua peke yake. Katika karne ya 19 wakuu wa Wazigua waliweka akiba ya chakula, na kwa chakula hicho waliwavuta watu wakae pamoja. Watu waliokaa pamoja walifyeka vichaka, na vichaka vikifyekwa mbung'o hana pa kukaa, ng'ombe wanaishi. Ukoloni uliwanyang'anya wakuu hao uwezo, ukatoza kodi, ukawapeleka wanaume kwenye katani, na chini ya Waingereza ukawabana hata wafanyabiashara wa nafaka ambao walikuwa wakileta chakula wakati wa shida. Vichaka vikarudi, mbung'o wakarudi, ng'ombe wakafa.

Hicho ni kisa ambacho filamu ya hali halisi ingekisema kuliko maandishi yoyote: ghala tupu, kichaka kilichofika ukutani mwa nyumba, mwanamume wa Kizigua akishuka kwenda Korogwe kutafuta kipande kwa sababu ya njaa. Kamera ilikuwa ng'ambo tu ya mto, umbali ambao lori la maili 9,000 lingeumaliza kabla ya saa sita mchana. Lakini katika orodha ya mada za Vugiri, mwenye njaa angeingia kwa mlango mmoja tu, ule wa mkulima asiyejua mbegu bora. Filamu ya mbegu bora ilitengenezwa kweli. Mzigua wa miaka ile hakukosa mbegu za ujuzi. Alikosa mamlaka juu ya ardhi, muda na chakula chake.

Nasema hivi bila kumwonea Notcutt. Asingeruhusiwa kutengeneza filamu hiyo, na huenda hata isingempitia akilini. Ninachosema ni kwamba kazi yake haiwezi kupimwa kwa idadi ya filamu wala maili tu. Lazima pia tupime kilichokaa nje ya fremu.

Urithi wake ulipita njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika iliingia mkataba na kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, itengeneze filamu za Kiswahili. Wazo lilikuwa lilelile la Vugiri, kwa ufundi bora zaidi: visa vya vijijini na mjini, waigizaji Waafrika, mafunzo ndani ya hadithi. Zikatoka Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi na nyingine. Nyota wa Muhogo Mchungu alikuwa kijana mtumishi wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa. Kijana huyo aliyeigiza mshamba anayetapeliwa mjini ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, mwaka 1955, na Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962.

Na mwaka 1958 wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde, wilaya hiihii ya Korogwe, walifanya mgomo ambao haujasahaulika katika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini. Chama cha wafanyakazi wa mashamba kiliongozwa na Victor Mkello. Shirikisho liliongozwa na Kawawa. Meneja wa mwaka 1926 alitaka sinema imfanye kibarua aridhike na kambi. Miaka 32 baadaye kibarua wa Korogwe alisimamisha kazi kudai haki yake, na kiongozi wa shirikisho lililokuwa nyuma yake alikuwa mwigizaji wa filamu zilizotokana na wazo lilelile. Wanaoandika kuwa sinema ya ukoloni iliwalaza watu waisome Mazinde kwanza. Watu walitazama, wakachukua walichokitaka, mengine wakayaacha hapohapo uwanjani.

Baada ya Uhuru tungetarajia umbo la filamu libadilike. Bendera ilibadilika mapema kuliko umbo. Tanzania Film Company iliundwa mwaka 1968, na Taasisi ya Sinema na Sauti ikafuata mwaka 1974 kwa msaada wa Denmark. Magari ya sinema yalizunguka vijijini, na wengi wetu tuliokulia mikoani tunayakumbuka kwa furaha ya kweli. Katikati ya miaka ya 1970 TFC ilitoa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya kueneza ujamaa vijijini. Ukitazama mfumo wake utakuta mtu anayetangatanga, anaona kijiji cha ujamaa kinavyonufaika, anaongoka. Mwerevu na mjinga wa Vugiri wamerudi, wamevaa siasa nyingine, tena siasa ambayo moyo wangu uko upande wake.

Na Handeni? Mwishoni mwa miaka ya 1960 wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa za mwanzo nchini kuhamishiwa watu wake katika vijiji vya ujamaa kwa operesheni. Michaela von Freyhold, aliyechunguza vijiji vya Mkoa wa Tanga na kuandika kitabu chake mwaka 1979, aliwasikiliza wanavijiji kwa uvumilivu, akaandika mivutano yao na viongozi, hesabu zao za faida na hasara, sababu zao za kulima shamba la kijiji kwa shingo upande. Kitabu kikafanya ambacho kamera haikufanya. Filamu iliendelea kuwaambia watu wa Handeni wahame wapi. Mtafiti mwenye daftari ndiye aliyewauliza wamehamaje.

Kulikuwapo njia nyingine, na inafaa kukumbukwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Mada zilikuwa zilezile za Vugiri: safura, malaria, choo, maji. Tofauti ni kwamba kipindi kilipokwisha kikundi kilibaki, kikajadili, kikaamua kichimbe nini na wapi. Vyoo vingi sana vilichimbwa. Redio, isiyo na picha, ilimpa mwanakijiji nafasi ambayo sinema haikuwahi kumpa: ya kusema baada ya kusikia. Notcutt alikuwa na watu 80,000 viwanjani, taa ikizimwa walitawanyika. Somo hili ni kubwa, na wanaopeleka leo filamu za uhamasishaji vijijini, ziwe za chanjo, za mazingira au za ndoa za utotoni, wengi wao bado wanatawanya watu taa ikizimwa.

Aliyelivunja umbo lenyewe alikuwa mwanamke wa Kitanzania, Flora M'mbugu-Schelling. Mwaka 1992 alitoa These Hands, filamu ya dakika 45 kuhusu wanawake, wengi wao wakimbizi wa Kimakonde kutoka Msumbiji, wanaoponda kokoto kwa mkono karibu na Dar es Salaam. Hakuna msimulizi anayetueleza tufikiri nini. Nyundo inagonga jiwe, mtoto yuko mgongoni, wanawake wanaimba, jua linapanda. Mtazamaji anabaki na kazi ya hao wanawake kwa muda mrefu kiasi kwamba analazimika kujiuliza mwenyewe maswali ambayo Vugiri iliyajibu kabla hayajaulizwa. Hakuna mwerevu wala mjinga. Hao ni jamaa wa manamba wale wa katani waliovuka Ruvuma kwenda Korogwe, na safari hii kamera imewatazama kama watu wanaoijua kazi yao. Kwangu mimi, historia ya filamu za hali halisi nchini ni safari ndefu kutoka santuri ya Vugiri hadi ukimya wa M'mbugu-Schelling.

Basi tumwite Notcutt mwanzilishi? Ndiyo, na neno hilo lisimaanishe zaidi ya lilivyo. Aliona kabla ya wengine kwamba filamu ya Afrika inaweza kutengenezwa Afrika, kwa vifaa vyepesi, kwa lugha za wenyeji, na kupelekwa kwa lori hadi penye watu. Njia hiyo ndiyo ilitumika kwa miaka hamsini iliyofuata, na ilikuwa sahihi. Nia iliyoiendesha ilikuwa ya mashamba na migodi, na ikaziharibu filamu zenyewe kuliko santuri zisizokwenda sawa na midomo. Serikali zilizokataa mradi mwaka 1937 kwa sababu ya picha hafifu zilikosea ugonjwa. Picha ingeweza kusafishwa.

Kati ya filamu zile 35, tatu zinajulikana kubaki, nazo zimehifadhiwa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza: moja ya safura, moja ya mafunzo ya mifugo, na moja ya mashamba ya wakulima ya Kingolwira, karibu na Morogoro. Sura zilizomo ni za watu waliokuwa na majina, watoto na wajukuu. Notcutt tunamjua kwa cheo na herufi za mwanzo za jina lake. Wao hatuwajui hata kwa jina moja, ingawa bila wao asingekuwa na filamu.

Hili linaweza kurekebishwa, tena kwa gharama ndogo. Bodi ya Filamu na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ziombe nakala za filamu hizo tatu pamoja na nyaraka za mradi. Halmashauri za Korogwe na Handeni zizionyeshe hadharani, kuanzia Vugiri kwenyewe, mbele ya wazee, na pawepo mtu wa kuandika kila jina litakalotajwa, kila mahali patakapotambuliwa, kila kumbukumbu ya lori na santuri iliyopokewa kutoka kwa wazazi. Vijana wanaosoma filamu vyuoni wapewe kazi ya kurekodi maelezo mapya ya Kiswahili, safari hii kutoka vinywani mwa watazamaji. Waliokuwa watoto mwaka 1936 wamebaki wachache sana, na wanaozikumbuka simulizi zao nao wanazeeka. Kazi hii ifanyike sasa, mwaka huu, kabla hawajaondoka.